Mwenyeheri Floribert na Saini ya Mtumishi wa Umma

Tarehe 15 Juni 2025, katika Basilika ya Mtakatifu Paulo nje ya Kuta, mjini Roma, Kanisa lilimtangaza Floribert Bwana Chui kuwa mwenyeheri. Hakuwa padre wala mtawa. Alikuwa mlei wa Goma, msomi wa sheria, mtumishi wa ofisi ya umma iliyokagua ubora wa bidhaa mpakani. Mwaka 2007 alishawishiwa kwa fedha na vitisho aruhusu chakula kilichoharibika kiingie sokoni. Akakataa. Alitekwa, akateswa na kuuawa mwezi Julai mwaka huohuo, akiwa na umri wa miaka 26.

Habari hii inatuhusu sisi wa Ipagala kwa karibu. Tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba inahamia Dodoma, mji wetu umekua kwa kasi. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 410,956. Ya mwaka 2022 ilihesabu 765,179. Kila Dominika wanasali pamoja nasi wahasibu, wakaguzi, maafisa ardhi na maafisa ugavi. Panapokua mji, kiwanja, kibali na zabuni hupanda thamani, na saini ya mtumishi hutafutiwa bei.

Tumezoea kuiona neema pale mtu anapogeuka ghafla, kama Zakayo aliyeahidi kurudisha mara nne kile alichodhulumu. Hiyo ni kazi ya neema kweli. Lakini Zakayo naye, siku iliyofuata, alikuwa na watu wa kuwalipa na maisha mapya ya kuyaishi. Neema iliyomgeuza ndiyo iliyopaswa kumdumisha.

Katika maisha ya Floribert tunaona upande huo wa pili. Uthabiti wake haukuzaliwa siku ya jaribu. Ulilelewa katika sala na katika Jumuiya ya Sant’Egidio, alimowahudumia watoto wa mitaani wa Goma. Aliyezoea kuketi na wenye njaa hakuweza kukisahau kinywa ambacho kingekula chakula kile. Ushirikiano wake wa kila siku na neema ndio uliomwandaa kwa saa ile.

Tusiseme jambo hili kwa wepesi. Anayekataa “pesa ya soda” huweza kutengwa na wenzake, kuhamishwa kituo, au kulaumiwa na ndugu wanaosubiri ada. Na sisi wachungaji tujihoji: je, katika harambee zetu hatujawahi kumshangilia mtoaji mkubwa bila kujali fedha zake zimetoka wapi? Tukimheshimu mtu kwa bahasha yake, tunamwacha mwaminifu peke yake.

Kwa hiyo Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo ziwe mahali ambapo mtumishi anaweza kusema, “Nimekataa, na sasa nina shida,” akasikilizwa na kusaidiwa. Aliyekwisha kuanguka asikate tamaa: kitubio kipo, na toba ya kweli hurudisha kilichochukuliwa. Nasi sote, kabla ya kulala, tujiulize: leo nimetia saini nini, na nani atakula matunda yake?

Mwenyeheri Floribert Bwana Chui, utuombee.