Maskini asinyimwe mazishi kwa deni la zaka

Nina dukuduku kuhusu jambo linalosikitisha katika baadhi ya parokia zetu.

Kila mwaka, Jumapili inayofuata Pasaka, sisi Wakatoliki huadhimisha Huruma ya Mungu. Sikukuu hiyo ilitangazwa na Papa Yohane Paulo wa Pili tarehe 30 Aprili, 2000, siku alipomtaja Sista Faustina Kowalska wa Poland kuwa mtakatifu. Sista huyo hakuwa mtu wa cheo. Shule alisoma kwa muda usiofika miaka mitatu, na utawani alikuwa mpishi, mtunza bustani na bawabu. Mungu alimchagua mtu wa jikoni na mlangoni awakumbushe wakubwa habari ya huruma.

Lakini sisi tunafanya nini? Jumapili hiyo tunaomba kwa sauti kubwa tuhurumiwe. Wiki haijaisha, akifa jirani maskini, swali la kwanza ni kama kadi yake ya zaka imejaa. Ikiwa ina mapengo, wafiwa huambiwa walipe kwanza, la sivyo wazike wenyewe bila padri wala katekista. Mjane anaacha kulia, anaanza kukopa.

Ndugu Mhariri, hiyo siyo sheria ya Kanisa. Kanuni ya 1181 ya Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 inaagiza kuwa katika mazishi pasiwe na upendeleo, na maskini wasinyimwe mazishi yanayostahili. Kanuni ya 1184 inataja wanaoweza kunyimwa, kama vile walioiasi imani hadharani, na hata hao hawanyimwi iwapo walionyesha dalili ya toba kabla ya kufa. Mwenye deni la zaka hakutajwa humo.

Najua viongozi watasema kuwa bila zaka Kanisa haliendi. Ni kweli, na anayeweza kutoa asipotoe aonywe. Lakini aonywe akiwa hai. Viongozi wa jumuiya wamtembelee, waulize kama ni uzembe, ugonjwa au kukosa kazi. Kumsubiri mpaka awe maiti ni kumwadhibu mjane na yatima, ambao hawana kosa.

Tukumbuke pia kuwa katika Injili ya Luka, sura ya 18, aliyesimama hekaluni akijisifu kwa zaka zake alikuwa Farisayo. Mtoza ushuru hakuwa na la kujivunia, alijipiga kifua tu akaomba rehema, naye ndiye aliyerudi nyumbani amesamehewa.

Nawaomba mapadri walitangaze jambo hili wazi kanisani ili maskini wasiishi kwa hofu. Kaburini tutaingia sote, na mbele ya Mungu hakuna atakayefika na kadi mkononi.

Muumini,
Morogoro.