Nyota za Vijana na Damu Yao



Mama mmoja, mzaliwa wa Mombasa aliyeolewa Kiamunyi, nje kidogo ya mji wa Nakuru, ametuandikia. Bintiye ana miaka 16 na ugonjwa wa selimundu. Baridi ya huko juu humletea maumivu ya mifupa, hata hulala na sweta mbili. Ameazima riwaya ya mapenzi kwa mwenzake wa skuli, akailia usiku kucha. Mama ameificha, na anauliza kama amefanya vyema.

Riwaya hiyo ni *The Fault in Our Stars* ya Mmarekani John Green, iliyotoka mwaka 2012. Hazel, msichana wa miaka 16, ana saratani ya tezi ya shingo iliyoenea hadi mapafuni. Huburuta mtungi wa oksijeni kila aendako. Augustus amekatwa mguu kwa saratani ya mifupa. Wanajuana katika kikao cha vijana wagonjwa mjini Indianapolis, wanapendana, wanasafiri hadi Amsterdam, na anayetangulia mbele ya haki ni yule tuliyemdhania amepona.

Yamo mle tusiyoyaridhia, hasa faragha ya wawili wasiooana, na mzazi ayajue mapema. Lakini Green aliwahi kuhudumu katika hospitali ya watoto, na wagonjwa wake si malaika: wanataniana, wanakasirika, wanachoshwa na kuhurumiwa. Binti wa selimundu huhurumiwa kila siku. Mwenzake wa kumfahamu hampati kwa urahisi.

Kilichonigusa zaidi ni mama yake Hazel. Wakati binti yu mahututi, mama alilia akisema kwamba hatakuwa mama tena. Mtoto alisikia, na neno hilo likamkaa moyoni. Baadaye tunagundua kuwa mama anasoma kwa siri ili aje azisaidie familia zenye wagonjwa. Alificha asije binti akadhani anajipangia maisha ya baada yake. Binti alipojua, alifurahi mno. Dada yangu wa Kiamunyi, zisome wewe kwanza kurasa hizo. Tunayowaficha watoto wagonjwa, mara nyingi wamekwisha kuyasikia nyuma ya mlango.

Jina la riwaya limetoka katika tamthilia ya Shakespeare ya Julius Caesar, ile aliyoitafsiri Mwalimu Nyerere. Humo mtu anaambiwa asizilaumu nyota bali nafsi yake. Green anapinga: mtoto mgonjwa hana kosa lolote. Hapo nakubaliana naye, ingawa nyota nazo siziungi mkono. Alipofariki Ibrahim, mwana wa Mtume (S.A.W.), jua lilipatwa, na watu wakayahusisha mawili hayo, Mtume akawakanya kwamba jua na mwezi havipatwi kwa kifo cha mtu yeyote.

Hata hivyo, pwani yetu bado wako wanaopeleka majina ya wachumba na ya mama zao kwa mwenye falaki, atazame kama nyota zinapatana. Damu hawaiulizi. Na selimundu imejaa pwani.

Mama anasema binti amemwuliza swali moja tu: nani atanioa? Swali hilo lina hesabu yake. Akiolewa na mume asiye na chembe ya selimundu, watoto wote watairithi chembe moja tu, na hakuna atakayeugua. Mume akiwa na chembe moja, naye mzima wa afya, kila mimba ina nafasi moja kati ya mbili ya mtoto mgonjwa. Wazima wawili wenye chembe moja kila mmoja, pengine mtu na binamuye, nafasi yao ni moja kati ya nne. Mimba za binti mwenyewe zitahitaji daktari wa karibu, na hilo aambiwe waziwazi. Mposaji naye atakiwe kipimo cha damu kabla mahari haijatajwa, maana kadi zikishachapishwa hakuna atakayethubutu kuuliza.