Sitaongeza Bomu

Kuna mhariri kanirudishia hadithi yangu, eti vijana wa Gongo la Mboto kubishana kuhusu rola kosta "si uhalisia". Anataka foleni, ndoo za maji, na mabomu ya Februari 2011. Yale mabomu yaliua watu, hayasahauliki. Lakini ndiyo kusema hatuna kingine kichwani?

Vijana wa kijiweni kwetu hawajawahi kupanda rola kosta. Wanajua, hata hivyo, kwamba Kingda Ka ya New Jersey, yenye mita 139, ilibomolewa 2025, na wanakesha wakibashiri kitakachojengwa pale. Mmoja anachora vilima mchangani. Mwenzake anafuta: kigari hakina injini, kikishavutwa kileleni kinakwenda kwa mteremko tu, sasa kilima cha pili kitazidije cha kwanza? Wakubwa wanawaita wavivu. Mimi naona wanatunga, tena kwa nidhamu kuliko baadhi yetu tunaojiita waandishi.

Mtoto wa huku akitaka kuteleza kwenye maji, avuke jiji mpaka Kunduchi, kama nauli na kiingilio vipo. Halafu hata kwenye karatasi tumnyime? Hadithi inabaki na rola kosta yake. Bomu siongezi.