Talaka Haipigi Gitaa

Hoja yenyewe ni hii: Blood on the Tracks ya Bob Dylan ni shajara ya ndoa iliyovunjika, na uzuri wake wote umetokana na machozi. Basi kila aliyeachwa angekuwa Dylan. Albamu ilitoka Januari 1975, talaka ya Dylan na mkewe Sara ikaja 1977. Tuliache hilo, maana ndoa huoza kabla hakimu hajaitwa. Kinachoiangusha hoja ni studio. Dylan alirekodi New York Septemba 1974, kisha Desemba, santuri ikiwa karibu kutoka, akaingia studio Minneapolis na wanamuziki wa huko, akarudia nyimbo tano kati ya kumi na kubadili baadhi ya maneno. Machozi gani hayo yanayopigwa msasa miezi mitatu? Na “Lily, Rosemary and the Jack of Hearts”, kisa cha karibu dakika 9 cha wacheza kamari na wezi wa benki, ni ukurasa gani wa shajara hiyo? Mtasema mwanawe Jakob huwasikia wazazi wake humo. Awasikie, ni wazazi wake. Sisi tusiomjua Sara hata kwa sura tunanaswa na jinsi “Tangled Up in Blue” inavyozichanganya jana na leo bila kuomba ruhusa, na hilo Dylan hakulifundishwa na wakili wa talaka.