Mwanafunzi wa uuguzi akibisha kwa mzee wako, mfungulie

Msomaji, iwapo unaishi Eldoret au una mzazi anayeishi kandokando ya mji huu, yamkini umewahi kuwaona. Hutembea wawili wawili, sare zimepigwa pasi, viatu vyeusi vimejaa vumbi la Langas au matope ya Huruma, na begani wamebeba mkoba wenye mashine ya kupima presha, utepe wa kupimia na rundo la fomu. Husimama langoni na kupiga hodi kwa sauti ya woga. Ni wanafunzi wa uuguzi walio katika mafunzo ya nyanjani, na mara nyingi nyumba wanazozitafuta ni zile zenye wazee.

Aghalabu hufukuzwa kwa maneno matamu. "Hapa hakuna mgonjwa," tunawaambia, au "Mzee amelala, rudini kesho." Wengine huwauliza wameleta nini. Nataka kukueleza ni kwa nini naona tunakosea, na pia kwa nini wale wanaowatuma wanafunzi hawa wanakosea kwa namna nyingine, pengine kubwa zaidi.

Mimi ni muuguzi. Nimefanya kazi ya wodi kwa zaidi ya miaka ishirini, sehemu kubwa Nairobi, na mama yangu mwenye umri wa miaka 76 anaishi nje kidogo ya Eldoret upande wa Kimumu. Kwa miaka kadhaa amekuwa akitumia dawa za shinikizo la damu. Kila Jumapili nilimpigia simu na kumwuliza, "Mama, unameza dawa?" Naye alijibu, "Nameza." Nikaridhika. Bila shaka nawe, msomaji, una simu kama hiyo ya Jumapili.

Kisha wanafunzi wawili wakabisha kwake. Mmoja alikuwa binti kutoka Makueni ambaye Kikalenjin chake kilikuwa ni "chamgei" pekee, na hata hiyo aliitamka vibaya hadi mama akacheka. Alimwita "kogo" kama alivyosikia watoto wa jirani wakimwita, akaketi kwenye kigoda, na kwa nusu saa nzima hakutoa fomu yoyote. Waliongea kuhusu kuku. Katika ziara ya pili aliomba jambo moja tu: "Kogo, naomba unionyeshe dawa zako zote, hata zile za zamani."

Mama akaleta mfuko wa plastiki. Ndani mlikuwa na dawa za presha za aina mbili, moja ikiwa ile inayotoa maji mwilini kwa njia ya mkojo. Mlikuwa pia na vidonge vya diclofenac ambavyo alikuwa akijinunulia dukani kwa sababu ya magoti. Binti huyo hakumkemea. Alimwuliza anameza kipi saa ngapi. Ikabainika kwamba ile dawa ya kutoa maji mama alikuwa akiimeza usiku kabla ya kulala, maana aliambiwa "kimoja kwa siku" na usiku ndio wakati anaokumbuka. Matokeo yake alikuwa akiamka mara tatu au nne usiku na kutoka nje kwenda choo cha shimo, gizani, katika baridi ya Eldoret inayoingia mifupani. Alikuwa ameanguka mara mbili. Mara ya pili alikaa chini kwenye umande kwa muda asioujua. Baada ya hapo akaamua kuwa dawa hiyo ataimeza siku moja na kuiacha siku mbili.

Hakuna hata mmoja wetu, watoto watano, aliyejua. Aliyejua ni mwanafunzi ambaye alikuwa amekutana naye mara mbili.

Utauliza kwa nini hakuniambia mimi, binti yake tena muuguzi. Nilimwuliza. Alisema angeniambia ningemtoa nyumbani kwake na kumpeleka Nairobi. Mzee hupima maneno yake kulingana na atakayeyasikia, na mgeni kijana asiye na mamlaka ya kumhamisha ni msikilizaji asiyetisha.

Kwa hakika mafunzo ya aina hii si jambo geni mjini humu. Kitivo cha sayansi ya afya cha Chuo Kikuu cha Moi, kilichopokea wanafunzi wake wa kwanza mwaka 1990, kilijengwa tangu mwanzo juu ya wazo la kuwapeleka wanafunzi vijijini na vituoni, mahali kama Mosoriot, Burnt Forest na Turbo, wakajifunze afya mahali ambapo watu wanaishi. Hata stashahada ya uuguzi ambayo wengi wetu tulisomea ina neno "jamii" katika jina lake kamili: muuguzi aliyesajiliwa wa afya ya jamii. Lakini katika enzi zetu jamii ilimaanisha mama na mtoto. Tulipima uzani wa watoto, tukahesabu chanjo, tukafundisha uchimbaji wa vyoo. Bibi aliyeketi kwenye kona ya nyumba tulimwamkia tu na kupita, ilhali ndiye aliyekuwa akimlea mtoto yule.

Hesabu zimebadilika. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu wapatao milioni 2.7 wenye umri wa miaka 60 na zaidi katika taifa la watu milioni 47.6. Katiba ya 2010, kifungu cha 57, inamhakikishia mzee heshima na matunzo kutoka kwa jamaa yake na kwa serikali. Walakini wataalamu waliobobea katika tiba ya wazee ni wachache mno nchini, kwa hivyo mzigo huu utabebwa na wauguzi wa kawaida, na shule yao ni sebule ya mama yako.

Ni shule ngumu. Fikiria kijana wa miaka 21 akimwuliza mzee wa Kinandi kama mkojo unamtoka bila kutaka, au kama anaamka usiku na kusimama chooni kwa muda mrefu kabla haujatoka. Swali hilo ni la lazima, maana tezi ya kibofu huwasumbua wanaume wengi uzeeni, lakini kulitamka mbele ya wakwe na wajukuu ni kumvua mzee nguo hadharani. Nimemwona mwanafunzi mmoja akiliruka swali hilo na kuandika "hapana". Nimemwona mwingine, mvulana mwenye akili, akimwomba mzee amtembeze hadi kwenye zizi la ng'ombe, na huko wakiwa wawili akapata jibu. Hilo halimo katika kitabu chochote nilichosoma.

Au chukua vile vipimo vya kumbukumbu vilivyotungwa ng'ambo. Mzee anaambiwa ahesabu kutoka 100 akiondoa saba saba, aandike sentensi, achore maumbo mawili yaliyoshikana. Bibi ambaye hakukanyaga shule ila anakumbuka kila ndama aliyezaliwa bomani tangu aolewe atapata alama za mtu aliyepoteza akili. Mwanafunzi mzuri hugundua kasoro hiyo siku ya kwanza. Mwanafunzi ambaye mkufunzi wake anataka fomu zilizojaa huandika alama na kwenda nyumba inayofuata.

Hata kupima presha, kazi tunayodhani ni nyepesi, hufanywa vibaya kuliko inavyofanywa vyema. Mzee anapaswa kutulia kwa dakika tano kwanza, mgongo umeegemea, miguu yote miwili chini, mkono umelazwa juu ya meza usawa wa moyo, na asiongee. Mkanda hufungwa juu ya ngozi, si juu ya sweta mbili. Kisha, na hapa ndipo wengi huachia, mzee asimame na apimwe tena baada ya dakika moja na baada ya dakika tatu. Namba ya juu ikishuka kwa 20 au zaidi, huyo ni mtu anayeweza kuanguka kila anapoinuka kitandani, hata kama akiwa ameketi kipimo chake kinapendeza. Mama yangu alikuwa mmoja wao. Wodini tulikokuwa na wagonjwa arobaini na wauguzi watatu, nakiri sikumbuki lini nilimsimamisha mgonjwa nikampima.

Basi yule binti aliandika haya yote katika daftari dogo la shule, akamshauri mama aende kliniki na mfuko wake wote wa dawa, na akamwambia asibadilishe chochote kabla ya kuonana na daktari. Mama alienda, nauli ya bodaboda ikitoka katika zile Sh2,000 za kila mwezi za Inua Jamii. Dawa ya maji ikahamishiwa asubuhi, diclofenac ikaondolewa kwa sababu hupandisha presha na kuumiza figo, na ndugu yangu akafunga taa njiani kuelekea chooni. Mambo ya kawaida kabisa, wala hayakuhitaji mashine ya mamilioni.

Sasa naja kwa upande wa pili. Baada ya wiki chache mafunzo yakaisha. Chuo, ambacho sitakitaja, kikawaita wanafunzi wake warudi darasani. Hakuna aliyekuja kumwambia mama kwamba Alhamisi hiyo hatakuja mtu. Aliandaa chai, akatoa kigoda nje, akangoja. Alhamisi iliyofuata akafanya vivyo hivyo. Alikuwa na jambo la kumwambia yule binti: kizunguzungu kilikuwa kimerudi. Hakumwambia mtu mwingine. Nilikuja kukijua mwezi mmoja baadaye nilipofika nyumbani na kukuta ameshikilia ukuta.

Siwalaumu wanafunzi. Wao hupangiwa ratiba. Nawalaumu wanaopanga, wanaomwona mzee kama somo la kupitiwa kisha ukurasa ufunguliwe mwingine. Mtoto mchanga ukimpima wiki hii na usimwone tena, kuna kliniki inayomngoja na kadi yenye tarehe. Mzee hana kadi kama hiyo. Akiachwa, ameachwa.

Dawa ya tatizo hili ipo na haina gharama kubwa. Mwezi Septemba 2023 serikali ilizindua wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000 nchini kote, wakapewa mikoba yenye vifaa, ikiwamo mashine ya kupima presha na ya kupima sukari. Kila mmoja ana nyumba zake. Mbona basi mwanafunzi aingie kwa mzee bila mhudumu wa mtaa ule kujua? Rai yangu ni kwamba asiruhusiwe kubisha mlango wowote asipoongozana naye siku ya kwanza, na asitiwe alama ya kufaulu kabla hajarudi siku ya mwisho pamoja na mhudumu huyo, akakabidhi daftari mbele ya mzee mwenyewe na kutaja jina la atakayekuja juma lijalo. Aidha, afadhali mwanafunzi apewe nyumba tatu azirudie kwa mwaka mzima, hata kama ni mara moja kwa mwezi, kuliko nyumba thelathini kwa wiki nne. Najua wakufunzi watasema ratiba hairuhusu na basi la chuo halina mafuta. Nimewahi kukaa katika mikutano hiyo. Lakini nyumba tatu zinahitaji mafuta machache kuliko thelathini.

Nawe msomaji una sehemu yako. Wakibisha, waombe vitambulisho na barua, kisha ukiridhika wafungulie. Usimjibie mzee, ukiulizwa anakula nini, nyamaza umwache aseme mwenyewe, hata kama anachukua muda. Ondoka chumbani kwa dakika kumi, kwa kuwa kuna mambo ambayo hatayasema ukiwa umesimama hapo. Toa dawa zote, za hospitali, za dukani na za mitishamba, ziwekwe mezani pamoja. Omba vipimo viandikwe katika daftari linalobaki nyumbani, si katika fomu zinazoondoka peke yake. Na wakisema hii ndiyo ziara ya mwisho, usiwape mkono wa kwaheri kabla hujaandika jina na namba ya simu ya mhudumu wa afya wa mtaa wako.

Kwetu hatukuwa na namba hiyo, ikabidi ndugu yangu aitafute kwa chifu. Mhudumu huyo ni mama wa makamo anayeuza mboga karibu na stendi, na sasa hupita kwa mama kila Jumanne akitoka sokoni. Anaandika katika daftari lile lile, chini ya mwandiko wa yule binti wa Makueni. Juma lililopita presha ilikuwa 138 kwa 82 akiwa ameketi, na 126 kwa 78 akiwa amesimama. Mama ameniagiza nimtafute yule binti nimsomee namba hizo.