Kanali na Kigoda cha Babu

Sisi tuliokulia Igalula, kituo cha Reli ya Kati mashariki ya Tabora, huitambua treni kwa mlio kabla haijaonekana. Ndiyo maana filamu ya The Train nilipoiona mara ya kwanza, mwaka 1991 katika banda la video mjini Tabora, wenzangu walifuata bunduki, mimi nikamfuata dereva mzee na injini yake. Wafanyakazi wa reli walipobadili majina ya vituo, Wajerumani wakadhani wanakwenda kwao kumbe wanazungushwa kurudi walikotoka, nilicheka kuliko wote.

Kwa msomaji ambaye hakubahatika kuiona: ni filamu ya mwaka 1964 ya John Frankenheimer. Burt Lancaster ni Labiche, mtu wa reli. Paul Scofield ni Kanali von Waldheim, Mjerumani aliyepakia michoro ya thamani kutoka Paris mwaka 1944 ili aivushe hadi Ujerumani. Wanakufa watu wengi. Mwishoni kanali anamsimanga Labiche kwamba hajui hata alichokiokoa, na kwamba kitu kizuri ni mali ya yule anayejua uzuri wake. Labiche anampiga risasi. Banda zima likashangilia.

Tulishangilia nini? Kanali alikufa, hoja yake ingali hai. Nimeisikia kwa wageni wasomi na, aibu yetu, kwa wasomi wetu wenyewe: ati vitu vya Afrika vilivyoko Ulaya viko mahali salama, huku vingeliwa na mchwa, na wenyewe hatujui thamani yake. Ni hoja ile ile, imevuliwa magwanda tu.

Hapa kwetu Unyanyembe, Januari 1893, Tom von Prince aliivunja ngome ya Mtemi Isike, na Isike akajilipua kwa baruti kuliko kutekwa. Reli ilikuwa bado. Ilifika Tabora mwaka 1912. Kilichotoka bara miaka ile kilishuka pwani vichwani mwa wapagazi, na wapagazi mashuhuri wa njia ile walikuwa Wanyamwezi, babu zetu. Labiche wetu aliubeba mzigo yeye mwenyewe, nyuma yake askari. Angebadili jina la kituo gani?

Leo Makumbusho ya Ethnolojia ya Berlin yana vitu zaidi ya 10,000 vilivyotoka Tanzania. Vipo vilivyonunuliwa na vipo vilivyotolewa zawadi, sibishi. Lakini vipo pia vilivyo nyara za vita, zikiwemo za Vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907.

Nitaambiwa kwamba sisi wenyewe tunauza. Ni kweli, na nyumbani kwetu ni kweli zaidi. Kigoda cha babu yangu, cha mninga, ndugu zangu walimuuzia mgeni mpita njia mwaka 1974 kwa bei ya khanga mbili na sukari. Nilikuwa shuleni. Niliporudi likizo nilimkuta babu amekalia debe la mafuta ya taa lililofudikizwa, na hakusema neno, wala mimi sikuthubutu kuuliza. Hasira ile ninayo mpaka leo. Lakini aliyeuza kigoda chake kwa shida hakumpa mtu ruhusa ya kuchukua kigoda cha mtemi kwa mzinga. Hayo ni mashauri mawili, na anayeyachanganya anajua anachokifanya.

Treni ya kweli, kwa taarifa yako, haikuwa na mapambano yale. Agosti 1944 ilipakiwa makasha 148, wafanyakazi wa reli na makaratasi vikaichelewesha, isifike mbali na Paris. Askari wa Ufaransa waliikamata, na ofisa wao Alexandre Rosenberg akakuta ndani yake picha za baba yake mzazi. Aliyepeleka habari alikuwa Rose Valland, mtumishi wa makumbusho ya Jeu de Paume, ambaye aliwaficha Wajerumani kwamba anajua lugha yao na kwa siri akaandika kila kinachoondoka na kinakopelekwa. Filamu imempa dakika chache tu. Mimi ningempa nusu nzima.

Sisi hatukuwa na Rose. Daftari letu waliliandika wachukuaji, nalo liko kwao. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais Steinmeier aliomba radhi pale Songea, jambo la kiungwana. Basi na daftari lifuate. Wasiseme lipo kwenye intaneti. Mzee wa Goweko hasomi Kijerumani. Lije Tabora lisomwe kwa Kiswahili, na kwa Kinyamwezi itakapobidi, kijiji kwa kijiji: kitu gani, kimetoka kwa nani, mwaka gani, kwa mkono wa ofisa yupi. Wazee wapewe muda wa kujibu. Kama hakuna karani wa kusoma, nitasoma mimi, na nauli ya treni nitajilipia.