Wanandoa wapya waachiwe Desemba yao ya kwanza

Somo letu leo ni Kumbukumbu la Torati 24:5. Ni mstari mmoja tu, na katika harusi zote nilizohudhuria sijausikia ukisomwa. Harusini tunapenda 1 Wakorintho 13, tunapenda Waefeso 5, tunapenda Mwanzo 2 pale mtu anapowaacha wazazi wake na kuambatana na mkewe. Huu wa Kumbukumbu tunauruka, labda kwa sababu umebanwa kati ya sheria ya talaka na sheria inayokataza kuchukua jiwe la kusagia kuwa rehani.

Sheria yenyewe ni hii: kijana akioa, kwa mwaka mzima asiandikishwe vitani na asipangiwe jukumu lolote la jumuiya. Abaki kwake. Na Torati inataja sababu ya kubaki, nayo ni furaha ya mke wake.

Tukisoma mstari kama huu tunadhani unamsema bwana harusi. Lakini kijana wa Israeli hakuwa na uwezo wa kujiondoa mwenyewe jeshini. Mwenye uwezo huo alikuwa mzee wa kabila, mkuu wa kikosi, yule aliyeshika orodha ya majina. Sheria inazungumza na mwenye orodha. Inamwambia alipite jina hili, asiliite mwaka huu. Sura ya 20 ya kitabu hichohicho inataja na wengine wa kurudishwa nyumbani kabla ya vita: aliyejenga nyumba na hajaizindua, aliyepanda mizabibu na hajala matunda yake, aliyeposa na hajaoa. Taifa lenye maadui pande zote lilikubali kupungukiwa askari ili nyumba changa ipate muda wa kusimama.

Sisi hatuna vita, ila orodha tunazo.

Novemba ikifika katikati, makundi ya WhatsApp ya koo zetu huanza kupangana. Nani anakuja nyumbani Krismasi, nani anachangia mbuzi, ubarikio wa mtoto wa shangazi ni tarehe ngapi, kumbukumbu ya babu ni lini na kaburi lake linahitaji mifuko mingapi ya saruji. Katika kila orodha, majina ya walioana mwaka huu yako juu kabisa. Ukoo unataka kumwona bibi harusi. Kijana "sasa ni mtu mzima". Na tuseme ukweli, tuliwachangia harusi, kwa hiyo wengine tunaona ni zamu yao kurudisha.

Wiki mbili zilizopita, baada ya ibada, mume na mke waliofunga ndoa Mei mwaka huu walinisubiri nje ya kanisa. Wameniruhusu niandike habari yao bila majina. Mke kwao ni Machame, ni mwalimu wa shule ya msingi. Mume kwao ni Tukuyu, anauza kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Wamepanga chumba na sebule Kimara. Baada ya shikamoo walikaa kimya, kila mmoja akimwachia mwenzake aanze. Mwishowe mume akasema, "Mzee, tumegombana kwa ajili ya Krismasi."

Anayesafiri kwa basi kutoka Dar es Salaam anaijua Chalinze. Pale, kama kilomita 100 kutoka mjini, barabara inagawanyika. Ukinyoosha unakwenda Morogoro, Mikumi, Iringa, hadi Mbeya. Ukikata kulia unakwenda Segera, Korogwe, Same, hadi Moshi. Moshi ni zaidi ya kilomita 500 kutoka Dar, Mbeya ni zaidi ya 800, na kwa wa Tukuyu, hata akifika Uyole bado hajafika. Vijana wetu hawa, mmoja alishamwahidi mama yake kwamba watakata kulia. Mwingine alishamwahidi mama yake kwamba watanyoosha. Kila mmoja aliahidi peke yake, kwa simu, akiwa na hakika kwamba mwenzake hatakataa. Likizo ya mume ni siku tisa, kuanzia tarehe 24. Na mwenye nyumba wao anataka kodi ya miezi sita ifikapo katikati ya Januari.

Kisha mke akasema neno ambalo lilikuwa bado halijafika kwenye kundi lolote la WhatsApp. Ana mimba ya miezi minne.

Nitasema maoni yangu wazi, na najua wapo watakaokasirika. Vijana hawa wabaki Kimara mwaka huu. Na wengine wote walioana mwaka huu, kama safari inawabana mfuko, mwili au maelewano yao, wabaki. Sisi wazee ndio wa kuwaruhusu, tena kabla hawajaomba.

Sisemi hivyo kwa kuwalaumu mama zao. Mama kuuliza "mnakuja lini?" ni haki yake, angeacha kuuliza ndipo tungeshtuka. Tatizo lilikuwa kwenye kujibu. Kabla ya ndoa swali hilo lilikuwa na mtu mmoja wa kulijibu, na ulimi haujazoea kusema "ngoja nizungumze na mwenzangu, nitakupigia kesho." Ni maneno machache, lakini kwa kijana wa miaka 27 anayezungumza na mama yake ni mazito kama gunia. Anaogopa ataambiwa ametawaliwa. Binti naye anaogopa ataambiwa amewasahau wazazi tangu apate mume. Kwa hiyo wanakubali kila kitu kwenye simu, na usiku wanaadhibiana kwa kunyamaziana.

Katika Agano Jipya kuna mke na mume ambao ningependa vijana wawasome zaidi, Akila na Prisila. Wametajwa mara sita, na mara zote sita wametajwa wote wawili. Hakuna mahali Akila yuko peke yake wala Prisila peke yake. Maisha yao yalikuwa ya safari. Waliondoka Italia kwa amri ya Kaisari Klaudio, wakafika Korintho wakafanya kazi ya kushona mahema, kisha wakapanda meli na Paulo hadi Efeso, na baadaye tunawakuta Rumi tena. Maandiko hayatuelezi walivyokuwa wakipanga safari hizo nyumbani kwao. Ila watu waliohama mara nyingi kiasi hicho na bado wakabaki wawili, sidhani kama kila mmoja alikuwa na ratiba yake mfukoni.

Hilo la habari za nyumbani nalo tuliangalie. Siku hizi mimba inatangazwa kabla kadi ya kliniki haijafunguliwa. Kipimo kinapigwa picha, picha inakwenda kwa dada, dada anaipeleka kwa mama, na kufikia jioni shangazi wa mbali ameshachagua jina. Mambo yakiharibika, kama yanavyoweza kuharibika miezi ya mwanzo, mke yule anapaswa kumjibu kila mmoja wao, mmoja baada ya mwingine, kwa nini hakuna tena habari. Nimeona wanawake wakiumizwa na maswali hayo. Maria alipopata habari kubwa kuliko zote, Luka anatuonyesha akienda milimani kwa mtu mmoja, Elisabeti, mwanamke aliyekuwa na mimba yake na aliyeweza kuelewa. Alikaa naye kama miezi mitatu. Mengine aliyatunza moyoni. Sitaki kugeuza jambo hilo kuwa kanuni ya ujauzito, ila linatosha kumtetea binti anayeamua kumwambia mama yake mzazi na mama mkwe wake kwanza, na wengine wasubiri.

Najua hoja ya upande wa pili, na si ndogo. Amri ya kumheshimu baba na mama haina likizo ya mwaka mmoja. Yesu mwenyewe, katika Marko 7, aliwakemea watu waliosema mali yao ni Korbani, imewekwa wakfu kwa Mungu, ili wasiwasaidie wazazi wao. Mtu anaweza kuichukua hiyo Kumbukumbu 24 akaifanya Korbani mpya: "ndoa yetu ni changa", mwaka wa kwanza, mwaka wa tatu, mwaka wa saba, huku mzee anazeeka peke yake na paa linavuja. Wapo wanaofanya hivyo na mstari huu hauwatetei. Mwaka mmoja ni mwaka mmoja. Na kama mzazi ni mgonjwa, au kuna msiba, hakuna cha ndoa changa, mnapanda basi.

Lakini tujiulize vilevile Desemba inampa mzazi nini hasa. Wachaga na safari ya Desemba ni habari ndefu, na mimi naipenda: nyumba zilizokuwa kimya mwaka mzima zinawaka taa, migomba inafyekewa, watoto wa Dar wanaonyeshwa makaburi ya babu zao. Ila ukimfuatilia kijana mmoja utakuta kafika tarehe 24 usiku amechoka, tarehe 25 kanisani na kwenye nyama, tarehe 26 harusi ya jirani, tarehe 27 ubarikio, tarehe 28 kikao cha ukoo, tarehe 30 yupo njiani kurudi kwa sababu tiketi za Januari zimeadimika. Mama yake amemwona kwa kumpakulia. Hawajakaa nusu saa wawili wakazungumza. Na nauli ya wiki hiyo, kila mwaka LATRA wakionya mabasi yanayoipandisha, bado inauma.

Kwa hiyo niliwauliza wale vijana: mimba ikifika salama, mtoto anazaliwa mwezi gani? Aprili. Nani atakuja kumpikia mtori na kumfundisha kumwogesha mtoto? Mama wa Machame. Nauli yake nani atalipa? Wakatazamana. Fedha ya kukata kulia Chalinze mwezi wa 12 ndiyo itakayomleta mama Kimara mwezi wa 4, wakati ambapo atahitajika kweli na atakaa wiki nyingi, si siku tano za mbio. Na Tukuyu waende baada ya mvua kubwa kuisha, mwezi wa 6 au wa 7, mtoto akiwa na miezi michache, wamvalishe sweta kwa sababu baridi ya kule haina mzaha, waulize kliniki kwanza kama yuko tayari kwa safari ndefu. Babu atampakata mjukuu mchana kutwa bila kushindana na wageni 40.

Mume akauliza, "Na Krismasi yenyewe tufanye nini?" Nilicheka kidogo, kwa sababu swali lilikuwa la kweli. Tangu azaliwe hajawahi kuwa na Krismasi isiyo na ukoo mzima uani.

Hapo ndipo mstari wetu wa leo unapofika nyumbani. Mwaka ule wa Torati haukuwa wa sherehe. Ulikuwa wa siku za kawaida. Ndoa changa ya Kimara nayo ina siku zake: mume anatoka saa 11 alfajiri kuwahi mwendokasi, mke anarudi na madaftari 60 ya kusahihisha, gesi inaisha katikati ya kupika maharage, umeme wa luku unabaki yuniti mbili na kila mmoja anadhani mwenzake ndiye atakayenunua. Ndani ya siku hizo ndipo wanajifunza kwamba huyu akikasirika hunyamaza na yule akikasirika hufua nguo. Wanajifunza kusali pamoja hata kwa sekunde 30, kabla usingizi haujawabeba. Wanaambiana ni shilingi ngapi kila mmoja hutuma kwao kila mwezi. Hilo la mwisho lina ndoa nyingi za miaka 15 ambazo hazijalifikia.

Basi Krismasi wafanye hivi: waende mkesha kanisani kwao. Makanisa mengi ya Dar hupwaya siku hiyo kwa kuwa watu wamekwenda mikoani, na kwaya itafurahi kupata sauti mbili. Wachinje kuku mmoja. Wamwalike mlinzi wa mtaani ambaye hakupata ruhusa ya kwenda kwao, au mpangaji wa chumba cha pili anayeishi peke yake. Jioni wapige simu Machame, kisha Tukuyu, wote wawili wakiwa kwenye spika, ili pasiwe tena na ahadi ya pembeni.

Simu ya kutoa taarifa ya kutokwenda walishaipiga Jumatano iliyopita, kwa utaratibu huohuo. Habari ya mimba ndiyo waliyoanza nayo. Mama wa Machame alinyamaza kidogo kisha akauliza kama mtoto anacheza. Baba wa Tukuyu hakufurahi, na hakuficha. Alisema alishamtenga mbuzi. Mume hakubishana naye. Alimwomba mbuzi huyo alishwe hadi Julai.

Na wewe mzazi unayesoma safu hii, huenda simu ya namna hiyo ikakufikia kabla ya Majilio kuanza. Usiulize nani kamshauri nani. Waulize afya zao, uliza kodi yao inaisha lini, kisha waambie ni mwezi gani barabara ya kwenu haina matope. Ukiweza, itangulie simu hiyo. Piga wewe leo jioni, wakiwa wote wawili, uwaambie jina lao mwaka huu umelipita kwenye orodha.